Mvua ya Mwezi wa Nne Yaenda Wapi?

Wakulima wengi wa Nakuru humletea Bwana Shamba mashitaka mawili. Katika mwezi wa Aprili husema kwamba maji yamepita shambani usiku, yamechukua mbegu na mbolea, na yameacha korongo ambalo jana halikuwapo. Katika mwezi wa Januari husema kwamba hakuna maji, sukumawiki imekauka, na mtoto huenda mbali na punda kutafuta madebe mawili. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mashitaka yote mawili ni juu ya maji yale yale. Yalikuja, yakapita, na hapana mtu aliyeyawekea mahali pa kukaa.

Siku hizi habari za kuvuna maji ya mvua zimeenea sana, na ni jambo jema. Lakini mkulima akisikia maneno hayo hufikiri mara moja juu ya kuchimba silanga, yaani bwawa dogo la nyumbani. Wengi wamechimba kabla ya kuhesabu. Wengine wana mashimo makubwa yaliyo makavu, na huona haya wageni wakiyauliza. Basi tuanze na hesabu.

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mraba wa mita moja kila upande, ni lita moja ya maji. Ekari moja ina miraba kama hiyo 4,000 na kidogo zaidi. Basi mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya mchana mmoja tu katika mwezi wa nne, hutia katika ekari moja lita 80,000, yaani madebe 4,000. Kama ardhi ni ngumu na mteremko ni mkali, nusu ya maji hayo yaweza kuteremka bondeni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Umepoteza madebe 2,000 katika mchana mmoja, na hukuyaona kwa sababu ulikuwa ndani ya nyumba ukiikimbia mvua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haitaki jembe. Mvua kubwa ikinyesha, jifunike gunia au chukua mwavuli, utoke uangalie. Tazama maji yaingilia wapi katika shamba lako, yapita wapi, yatokea wapi, na yana rangi gani. Yakiwa mekundu au ya kahawia, jua kwamba hayaendi peke yake, yanakwenda na udongo wako. Weka vijiti mahali pa kuingilia na pa kutokea, ili upakumbuke jua likiwaka.

SILANGA YA KWANZA NI SHAMBA LENYEWE

Mahali pakubwa pa kuweka maji ni ndani ya udongo. Huko jua haliyanyonyi upesi, ng'ombe hayakanyagi, na mizizi huyakuta bila mtu kubeba ndoo. Lakini udongo hauwezi kunywa ikiwa mlango wake umefungwa.

Katika mashamba mengi ya Njoro, Rongai na Bahati mlango umefungwa na plau. Trekta yenye plau ya sahani ikilima miaka mingi kwa kina kile kile, chini yake hufanyika tabaka gumu kama sakafu. Maji yakifika hapo husimama, kisha hutafuta njia ya pembeni. Kulijua ni rahisi. Siku moja baada ya mvua nzuri, chukua chuma chembamba ukisukume ardhini kwa mkono. Kikishuka vizuri mpaka kina cha shibiri moja kisha kikakataa, na ukijaribu mahali pengine kikakataa pale pale, sakafu hiyo unayo. Dawa yake ni kuipasua kwa chuma kirefu cha kuvutwa na trekta au ng'ombe wakati ardhi ni kavu, maana ardhi iliyolowa haipasuki bali hukatwa tu kama sabuni. Mwenye kipande kidogo aweza kuipasua kwa sururu au jembe la meno katika mistari ya kupandia peke yake.

Jambo la pili ni kuufunika udongo kwa mabua na majani. Hapa twajua jibu la mkulima wa skimu kabla hajalitoa: mabua ni chakula cha ng'ombe. Ni kweli. Mtu mwenye ekari mbili na ng'ombe wawili wa zizini hawezi kuyaacha mabua yote shambani kwa ajili ya kitabu. Lakini yale magumu ya chini ambayo ng'ombe huyabakiza, pamoja na magugu yasiyo na mbegu, yarudi shambani, wala yasichomwe moto. Viazi navyo vipandwe katika matuta yanayokingama mteremko. Ukitia vizuizi vidogo vya udongo kila baada ya hatua mbili au tatu katikati ya matuta, kila nafasi huwa bakuli la kushika maji.

Jambo la tatu ni mtaro wa fanya juu. Jina hili ni Kiswahili chetu, na leo limo katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza katika nchi nyingi, bila kufasiriwa. Maana yake ni kwamba unachimba mtaro unaokingama mteremko na kutupa udongo upande wa juu, si wa chini. Udongo ule huwa ukingo, na kila mvua huleta matope kidogo nyuma yake, hata baada ya miaka kadhaa ardhi iliyo kati ya mtaro na mtaro huelekea kuwa tambarare.

Kuna watu ambao hawapendi kusikia habari za matuta na mitaro, na tunajua sababu yake. Wengi waliohamia Nakuru walitoka katika jamaa za Murang'a, na huko serikali ya kikoloni ilichimbisha matuta kwa amri, mpaka watu wakakataa katika miaka ya 1947 na 1948, na akina mama walikuwa mbele katika kukataa huko. Kuchukia amri ile kulikuwa na haki yake. Mtaro wenyewe hauna kosa.

Haya ni makisio yake. Mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60 hushika lita 360 katika kila mita ya urefu wake. Ekari moja ya mraba ina karibu mita 63 kila upande. Mtaro wa mita 60 basi hushika zaidi ya lita 21,000, na mitaro mitatu zaidi ya lita 64,000. Hizo ni nyingi kuliko maji ya silanga ya kawaida ya nyumbani, tena mitaro hujaa na kunywesha ardhi mara nyingi katika msimu mmoja. Hatusemi kwamba ni kazi ndogo. Mitaro hiyo mitatu ni mita 65 za ujazo wa kuchimba, na mgongo utaumwa. Chimba mmoja mwaka huu, ukianzia juu ya shamba. Ukianzia chini, maji ya juu yatakuja na nguvu zake zote na kuuvunja.

KUPIMA KWA MITI MITATU

Mtaro ukiinama upande mmoja, maji hukimbilia huko na kufanya korongo jipya. Macho hudanganya, basi yapasa kupima. Kama Bwana Shamba yuko mbali, tengeneza kipimo chako mwenyewe. Chukua fito mbili zilizonyoka za urefu wa mita 2 kila moja, uzifunge pamoja juu na kuzipanua chini. Funga fito ya tatu katikati ikikingama. Kutoka pale juu ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya fito ile iliyokingama. Sasa simamisha miguu miwili juu ya vigingi viwili na utie alama mahali kamba ipitapo. Geuza, mguu wa kulia uwe pa wa kushoto, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo mahali pa usawa.

Kisha tembea nacho shambani. Mguu mmoja usiondoke, mwingine upelekwe juu au chini mpaka kamba ikae katika alama ya katikati. Piga kigingi, uendelee. Mtu na mtoto wake waweza kupima ekari moja asubuhi moja. Katika mteremko wa kadiri mitaro yaweza kuwa mbali hatua 15 hadi 20; katika mteremko mkali iwe karibu zaidi. Penye mteremko wa kutisha usichimbe kabla ya Afisa wa Kilimo wa wadi kupaona. Acha nafasi ya shibiri moja kati ya mtaro na ukingo ili udongo usirudi, na juu ya ukingo panda nepia. Hivyo ng'ombe naye hupata malipo yake kwa yale mabua.

Iko taabu moja ya mashamba yetu. Mashamba makubwa yalipogawanywa, katika skimu zilizoanza mwaka 1962 na baadaye katika mashamba yaliyonunuliwa na makampuni na vyama, vipande vingi vilikatwa virefu na vyembamba vikiteremka kilima ili kila mtu afike barabarani au mtoni. Wazazi wakagawia wana, vikawa vyembamba zaidi. Maji hayajui mpaka. Mtaro wa mtu mmoja ukiishia kwenye ua wa jirani, maji yote humwagika kwake, na hapo ndipo kesi huanza. Afadhali majirani watatu au wanne wapime mstari mmoja unaopita katika mashamba yao yote, kila mtu achimbe kipande chake, na miisho izibwe. Mazungumzo hayo yafanywe kabla ya mvua. Katikati ya mvua watu wana hasira.

MAJI YA BATI NI YA JIKONI

Paa la mabati la mita 10 kwa mita 5 hupokea lita 1,000 katika mvua ya milimita 20. Njoro na Nakuru hupata kwa kawaida karibu milimita 900 au zaidi kwa mwaka; Naivasha hupata kama milimita 650 hivi. Kwa paa hilo, penye milimita 900, ni lita 45,000 kwa mwaka, ingawa kidogo hupotea. Ni maji mengi, na wengine hushawishika kuyamwagia kabichi.

Sisi twaona kwamba maji hayo ni ya watu kwanza. Katika Bonde la Ufa visima vingi virefu vina madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja, na visima vingi vya sehemu za Nakuru huuvuka. Meno ya kahawia ya watoto wetu hutokana na hayo, na floridi ikizidi sana huumiza hata mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Mvua haina floridi hiyo. Basi safisha gata, acha maji ya kwanza ya kila msimu yamwagike na vumbi lake, kisha funika tangi. Kabichi itatafutiwa maji mengine.

Wengine huuliza: mbona tusumbuke, na Ziwa Nakuru limepanda tangu mwaka 2010 hivi hata kuingia katika nyumba za watu? Ni kweli limepanda, lakini maji yake ni ya magadi. Ukiyamwagia mboga utaziua, na udongo utaharibika.

MAJI YA BARABARA NA SILANGA

Sasa tuje kwenye silanga. Katika Lare, upande wa Njoro, mito ni haba na watu walikuwa wakienda mbali kuteka maji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi wa huko walichimba silanga karibu na nyumba zao, wakaelekeza humo maji ya barabara na ya mashamba yaliyokuwa yakipotea. Walikuwa wamegundua kwamba barabara ni paa kubwa lisilo na mwenyewe.

Barabara ya murram yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 100 hupokea lita 12,000 katika mvua ya milimita 20. Ikifika nusu yake, ni lita 6,000. Silanga yenye mdomo wa mita 8 kwa 6, kina mita 2, na kuta zilizolala hata sakafu iwe mita 4 kwa 2, huchukua karibu lita 50,000. Mvua nane au tisa za namna hiyo huijaza. Mtu akichimba mita 2 za ujazo kwa siku, atamaliza kwa siku 25.

Lakini yatatosha nini? Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mboga zilizokomaa wakati wa jua hutaka kama lita 4 kwa kila mita ya mraba kila siku. Ekari nzima ingetaka lita 16,000 kwa siku, na silanga yako ingekwisha siku ya nne asubuhi. Silanga ya nyumbani haiwezi kunywesha shamba la mahindi, na mtu akikuambia inaweza, mwulize ana mahindi mangapi.

Hesabu nzuri ni hii. Katika siku 90 za kiangazi jua litanyonya karibu lita 14,000 za silanga hiyo. Yabaki 36,000. Ukiyagawa ni lita 400 kwa siku, nayo yatosha bustani ya mita 10 kwa 10. Ukiwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na kila mmoja anywe lita 50 kwa siku, ng'ombe watakunywa lita 9,000, na bustani itapungua kuwa robo tatu. Bustani kama hiyo yaonekana ndogo, lakini kitalu cha kabichi au sukumawiki na vitunguu vya mwezi wa pili, wakati mboga ni adimu sokoni, si kitu cha kudharau. Mwagilia jioni, kwenye shina, na ardhi iwe imefunikwa. Mwenye mipira ya matone atapata zaidi kwa maji yale yale.

Kwa mahindi silanga ina kazi moja tu: kuokoa mistari michache iliyo karibu ikiwa mvua imekatika wakati wa kutoa mbelewele na ndevu. Ndio wakati ambapo kiu huyadhuru mahindi kuliko wakati mwingine wowote.

ARDHI ISIYOSHIKA MAJI

Kabla ya kuchimba silanga, chimba shimo dogo la kina cha mita moja mahali unapopataka. Lijaze maji jioni, yakinywewa lijaze tena, na kesho yake asubuhi utazame. Likiwa tupu, ardhi hiyo ni chujio. Sehemu kubwa za Gilgil na Naivasha zina majivu na mawe mepesi ya volkano, na huko silanga bila kitu cha kuizuia ni kazi bure. Penye udongo wa mfinyanzi karibu, yawezekana kupaka sakafu na kuta na kuushindilia ungali na unyevu. Pasipo na udongo huo, hapana budi kununua shiti la plastiki la kutandika silanga, lile nene lisiloharibiwa na jua. La nyumba za vitalu ni jembamba mno. Bei yake si ndogo. Kama huna fedha hizo, zipeleke nguvu zako katika mitaro, hutakuwa umeshindwa.

Maji yasiingie moja kwa moja. Kabla ya mlango wa silanga chimba shimo la mita moja kila upande ili matope yatulie humo. Upande wa pili acha njia pana ya kutokea maji yakizidi, iliyopandwa nyasi na yenye mawe, na isielekee nyumbani kwa mtu. Silanga iwe mbali na choo, na maji ya barabara yasinywewe na watu. Wala usivunje mfereji wa barabara wenyewe; chukua maji pale unapoishia, baada ya kusema na wenye kuitunza barabara.

Kuna neno ambalo hatupendi kuliandika lakini lapasa. Silanga huua. Yenye plastiki huua zaidi, kwa sababu inateleza na mtoto akianguka hawezi kupanda. Weka ua wenye mlango unaofungwa siku ile ile unayomaliza kuchimba, kabla hata ya maji kuingia, na funga kamba nene yenye mafundo ishuke mpaka sakafuni kila upande. Ndama pia wamepotea hivyo.

Tena usipandishe ukuta mrefu wa udongo juu ya ardhi ili kuongeza maji. Maji yaliyo chini ya usawa wa ardhi hayamvamii mtu, lakini yaliyozuiwa na ukuta yaweza. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 ukuta wa bwawa kubwa ulipasuka huko Solai baada ya mvua nyingi, na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wakiwa nyumbani mwao. Silanga ya lita 50,000 si bwawa lile, lakini jirani aliye chini yako analala usingizi ule ule. Na kuziba kijito au mto ni jambo la kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Wakati mzuri wa kuchimba ni Januari na Februari, mavuno yakiwa ghalani na ardhi ikiwa kavu. Mwanzoni mwa Machi zoa matope yote yaliyokaa katika shimo la kutulizia na katika mitaro, uyarudishe juu ya shamba kwa wilbaro. Ni udongo mzuri kuliko wote ulio nao, na mwaka jana ulikuwa njiani kwenda ziwani.